Gambuti za Mikayi

Mwalimu wenu ameniomba niongee kwa adabu. Aliniita kando pale nje, akaniambia kwa sauti ya chini, Mama, hawa ni wanafunzi wa tiba ya viungo, tafadhali usiwatishe. Nilimwambia nitajaribu. Sasa nimeketi, nimekunywa chai yenu, na ile adabu imekwisha pamoja na chai.

Ndiyo, mimi ndiye mama wa masaji wa Otonglo. Nimewaona wale wa nyuma wakifinyana. Chekeni mmalize, nitangoja. Jina hilo nimelibeba maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kulifunika kwa leso. Najua watu wamelichafua. Ukisema masaji, mtu anafikiria pazia jekundu na mwanamke wa kukodisha. Nilipofungua chumba changu nyuma ya soko, fundi wa mabango alinichorea mwanamke amelala ubavu, midomo imepakwa rangi, kucha ndefu. Nikamwambia wateja wangu ni watu wenye miguu kama gunia la sukuma wiki. Akanijibu kwamba mguu wa namna hiyo hauvuti mteja. Nikamnyang'anya brashi, nikaandika mwenyewe chini ya huyo mwanamke wake: MGUU NA MKONO ULIOVIMBA. Herufi zilienda upande, lakini zilisomeka.

Akina mama wa kanisa wakanijia, wamevaa sare zao. Waliniomba niliondoe bango kwa sababu waume wao hupita hapo wakienda sokoni. Niliwauliza kama waume wao wamevimba. Wakaondoka wamenuna, ila mmoja wao alibaki nyuma akijifanya anatafuta kiatu. Alipoona wenzake wamefika mbali, akavuta mkono wa sweta yake, akanionyesha mkono uliojaa maji tangu alipokatwa titi. Alikuwa akiuficha ndani ya sweta hata kwenye jua la Februari, jua lenyewe mnalijua. Akawa mteja wangu, na bango halikutoka.

Wanaume wenye mawazo yao nao walikuja, sitawaficha. Kila aliyeingia nilimuuliza amevimba wapi. Akikosa jibu, nilimwonyesha mlango, na mlango wangu ulitazamana na muuza mahindi ya kuchoma aliyejua kila mtu wa Otonglo kwa jina la mama yake. Hawakurudi.

Sasa tuje kwenye mikono. Nyinyi mnafundishwa kwa picha za ukutani, na picha ni nzuri. Mimi nilianza na mikono ya bibi yangu, ambaye alikanda wanawake waliojifungua na vijana walioteguka, na kwake mgonjwa asiyelia hakuwa amekandwa. Nilirithi mikono hiyo. Nilikanda wachezaji wa mpira mpaka wakaniogopa kuliko timu pinzani. Watu walinisifu sana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaona hakuna mwili nisioujua.

Ndipo nikakutana na Mama Wambui. Huyu alikuwa mtaalamu wa viungo, ametoka huko Nyeri na mume wake aliyekuwa na duka la vipuri mjini. Alizungumza lugha yetu ya Dholuo kwa makosa ambayo hakuna aliyethubutu kuyarekebisha. Nilimwendea kuomba anifundishe habari ya uvimbe, kwa sababu watu wa uvimbe walikuwa wanakuja kwangu na nilikuwa nawakanda kama wachezaji, na wanarudi wamevimba zaidi. Akaketi kwenye kigoda, akafungua kola, akaniambia nimwonyeshe ninavyoshika. Nikashika. Hakupiga kelele. Alingoja nimalize, ndipo akauliza, "Awuor, unasonga ugali kwa shingo yangu?"

Kesho yake akachemsha maziwa, akayamimina kwenye karai pana, akayaacha yapoe mpaka yakashika utando juu. Akaniambia niweke vidole juu ya utando huo niusogeze huku na kule bila kuuchana. Nikauchana. Akachemsha mengine. Nikauchana tena. Siku hizo tulikunywa chai ya maziwa mpaka watoto wake wakaanza kunikwepa. Lakini mwishowe vidole vyangu vilielewa. Maji ya uvimbe hupita katika mishipa midogo sana iliyo chini tu ya ngozi, laini kuliko uzi wa kushonea. Ukikandamiza, umeifunga. Unachofanya ni kuivuta ngozi kidogo, polepole, kisha unaiachilia irudi yenyewe. Mkono ukikuuma jioni, ujue siku nzima ulikuwa unakosea.

Kuwaeleza watu wetu jambo hili ni kazi nyingine. Hapa kwetu mtu anataka aumie ndipo aamini umemfanyia kitu. Nilikuwa na mzee mmoja wa Milimani, mkubwa wa ofisi fulani, mguu wake ulivimba baada ya upasuaji. Nilimfanyia kazi kwa uangalifu wote, kuanzia shingoni mpaka vidoleni. Nilipomaliza na kuanza kunawa, akaniuliza nitaanza saa ngapi.

Basi haya yote nawaambia ili mwelewe habari ya Peres, kwa sababu ndiyo niliyokuja kuwasimulia, hayo mengine ni chumvi.

Peres aliletwa kwangu na pikipiki kutoka upande wa Kano, ng'ambo ya Ahero. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu alitembea akishikilia ukuta. Nyuma yake alikuja mwanamke mwenye umri mdogo kuliko yeye, amebeba mkoba, hasemi neno. Nilidhani ni binti yake. Kumbe ni mke mwenzake, jina lake Beldina.

Peres alikuwa mikayi. Kwa nyinyi mliotoka mbali, mikayi ni mke wa kwanza katika boma. Kwetu Waluo wa kale mbegu haigusi ardhi ya boma kabla mikayi hajaweka yake. Yeye kwanza, kisha mke wa pili, kisha wake za watoto wao, kila mtu kwa zamu. Ukiruka zamu, wazee watasema umeleta chira, yaani ile balaa inayomwandama aliyevunja mwiko. Msicheke. Wengine wenu mnaotembea na simu kubwa mkononi mama zenu bado wanangojana hivyo hivyo.

Peres alikuwa ameugua saratani ya mlango wa kizazi. Alitibiwa, akachomwa kwa mionzi, akapona, Mungu ni mwema. Lakini ile mionzi ilichoma pia njia za maji pale kwenye kinena, na baada ya muda mguu wake wa kulia ukaanza kujaa. Ukajaa mpaka goti likapotea. Daktari alimwambia ukweli, kwamba uvimbe wa namna hii hauponi, unatunzwa. Yeye alisikia lile neno la kwanza tu.

Sasa angalieni balaa ilivyojisuka. Msimu ule Peres alipokuwa wodini, mvua ilinyesha na watoto wa boma walikuwa wanakodolea sufuria tupu. Beldina akachukua jembe akapanda. Alifanya hivyo ili watu wale. Mguu wa Peres ulipovimba, shemeji yao, Okumu, akasimama mbele ya ukoo akasema sababu ndiyo hiyo, mke mdogo amemtangulia mikayi. Wazee wakatikisa vichwa. Ikaamuliwa kwamba mvua ndefu zinazokuja, mikayi apande kwa mkono wake mwenyewe na boma lisafike. Akishindwa, Beldina arudishwe kwao na watoto wake wabaki, na mke wa Okumu ndiye aanze kupanda katika shamba lile. Huko kwao anayeanza kupanda ndiye anayehesabiwa mwenye shamba. Okumu hakuwa mjinga. Shamba lenyewe liko karibu na mto, halikauki.

Na mume wao je? Alikuwepo. Mzee mpole, mtu wa kukohoa kabla ya kusema, na mara nyingi kikohozi kiliisha na maneno yasifuate.

Niliwaambia pale pale kwamba kwangu hakuna chira. Chira niliyoisikia mimi tangu utoto humkondesha mtu. Hii inayonenepesha mguu mmoja na kuuacha mwingine ilisomea wapi? Peres akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha akamwambia Beldina afungue mkoba, na ndani mwake akatoa gambuti, kile kiatu kirefu cha mpira, ya mguu wa kulia, bado ina matope makavu ya misimu iliyopita.

"Mama," akaniambia, "hii mguu ikiingia hapa, niko na boma langu. Isipoingia, mimi na huyu tumeisha."

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemkataza kukanyaga shambani bila kiatu kizima. Alisema sawa kabisa. Ngozi ya mguu uliojaa maji ikipata hata mkwaruzo, vijidudu vinaingia vinakuta karamu. Na udongo wa Kano, ule mweusi unaonata, hauheshimu ndala. Kwa hiyo ilikuwa gambuti au basi.

Sikumgusa siku hiyo kabla sijauliza maswali yangu, nanyi msije mkamgusa mtu kabla ya kuuliza. Mguu mmoja au yote miwili? Ikivimba yote sawasawa, mpeleke kwanza wamwangalie moyo na figo. Ulivimba ghafla, na shavu la mguu linauma? Huenda ni damu iliyoganda. Ukiisukuma inaweza kwenda kwenye mapafu ikamuua mtu mikononi mwako. Una joto, umekuwa mwekundu, ana homa? Hospitali, bila kujadiliana. Peres alikuwa ametoka kliniki na walikuwa wamemhakikishia kwamba damu haijaganda na saratani haijarudi. Ndipo nikanawa mikono.

Nikaanza shingoni, juu ya mfupa wa bega. Akanitazama kama mtu aliyepanda gari la Busia akitaka kwenda Ahero. Mguu uko huku chini, akaniambia, mbona unashika shingo. Nikamuuliza, wewe unalima mpunga kule kwa skimu ya umwagiliaji? Akasema analima. Mfereji ukiziba na maji yakajaa shambani kwako, unaanza kuyasukuma yale yaliyo shambani? Akajibu mwenyewe, kwamba hapana, unaenda kwanza kuzibua kule yanakomwagikia. Basi, nikamwambia, maji ya mwili mzima yanamwagikia hapa shingoni. Tukishafungua hapa tunashuka kwapani, maana njia ya kinena chako imeungua na itabidi tuyazungushe kwa ubavu. Mguu tutaufikia mwisho. Tangu siku hiyo hakuhitaji kuelezwa tena, na nyumbani alikuwa akiwaeleza wageni vizuri kuliko mimi.

Lakini mikono peke yake haitoshi. Nikimaliza kusukuma maji na kumwachia mtu mguu mtupu, akifika stendi umeshajaa tena. Lazima ufungwe bendeji. Si ile ya kuvutika kama ya wachezaji, ni ile nzito isiyovutika sana, juu ya pamba laini, kila kidole cha mguu kimefungwa peke yake. Kazi ya kila siku, na mimi sikuweza kulala Kano. Nikamtazama Beldina. Nikamuuliza anafanya kazi gani akiwa nyumbani. Akasema anasuka nywele. Nikamwambia anipe mikono yake.

Wanangu, mikono ya msusi! Niliwafundisha wauguzi wenye vyeti ambao hawakuweza kufunga vidole vitano bila kimoja kugeuka bluu. Huyu alifunga siku ya kwanza. Nilimwonyesha kwamba inakaza kule vidoleni na inalegea kadiri inavyopanda, kwa sababu ukikaza juu umefunga lango na maji yatabaki ndani. Akaniambia ni kama kusuka, mkono unajua pa kukaza na pa kulegeza, la sivyo mtu halali. Nilimpa pia habari ya kuosha mguu kwa sabuni isiyo kali, kukausha katikati ya vidole kwa subira, na kupaka mafuta. Peres alikuwa amelala akitusikiliza. Kule bomani watu walimtarajia Beldina amtakie mikayi mabaya. Na huyu ndiye aliyempangusa vidole kimoja kimoja kila asubuhi, huku akijua kwamba ukishindikana ni yeye atakayeacha watoto wake.

Mguu ukaanza kutii. Goti likarudi kwanza. Tukalisalimia. Halafu mfupa wa kifundo ukajitokeza upande mmoja. Ile gambuti ilisimama na mwenzake mlangoni kwa Peres, na kila nilipofika kumtembelea tuliijaribu. Ikapita vidole, ikapita unyayo, ikakwama kisigino. Bado kidogo.

Mvua ya kwanza ikaja mapema. Na Peres, yule mwanamke mwenye akili, akafanya kosa ambalo mikayi tu ndiye angelifanya. Mama mkwe wake alikuwa amemfundisha zamani kwamba mikayi huujua wakati wa kupanda kwa unyayo wake, anakanyaga udongo asubuhi anasikia kama umekubali. Alfajiri akatoka peke yake, akafungua bendeji, akaenda akasimama shambani pekupeku, mguu wake umepungua, ardhi imelowa, moyo umejaa. Mwiba ukamwingia. Hakuusikia hata kidogo, kwa sababu mguu ule ulikuwa umekufa ganzi sehemu zingine.

Beldina alinipigia simu kesho yake, akasema mguu unawaka na mama, yaani Peres, anatetemeka. Nilimwambia asinisubiri, ampeleke hospitali. Wakampa dawa za kuua vijidudu, wakamlaza, wakamruhusu. Nilipofika bomani, mguu ulikuwa mwekundu, una joto, umejaa upya mpaka goti likapotea tena. Kazi yetu yote ilikuwa imerudi nyuma, na majirani pande zote walikuwa wanapanda. Nililia, siwafichi. Nililia nyuma ya choo ili asinione.

Halafu nikarudi ndani nikaketi kwenye kigoda, nikaficha mikono yangu kwapani. Mguu wenye moto haukandwi. Ukiusukuma unasambaza sumu mwilini. Unaunyanyua juu ya mto, unampa dawa kwa saa zake, unangoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kukaa bure mbele ya mguu ninaoujua.

Okumu akaingia. Nyuma yake alikuja mzee mwenye kifuko, mkataji chale. Okumu akaeleza kwa heshima, sitamsingizia, kwamba hospitali imeshindwa, mama wa masaji ameshindwa, sasa damu chafu itolewe kwa wembe na dawa ya miti ipakwe ndani. Mume wa Peres akakohoa. Nikangoja. Hakuna kilichofuata.

Nikasimama nikaweka mwili wangu kati ya wembe na kitanda. Mnauona mwili wangu, haupitiki kirahisi. "Huyu akikatwa leo," nikasema, "msimu huu mtakuwa mnachimba, lakini si mashimo ya mahindi."

Okumu akauliza kama ni hivyo mbona basi mimi mwenyewe simkandi, kazi yangu ni ipi humu ndani. Nikamwambia kazi yangu leo ni kutomgusa, na kuhakikisha wengine pia hawamgusi. Kisha nikamwomba yule mzee wa chale aweke mgongo wa mkono wake kwenye ule mguu. Akaweka. Akautoa haraka. Akamgeukia Okumu akamwambia kwamba yeye hakati kitu chenye moto, hata baba yake aliyemfundisha alimkataza. Akaomba chai. Tulimpa chai, na nilimpa mkate pia, kwa sababu alikuwa na adabu kuliko aliyemleta.

Okumu hakukubali kuondoka mikono mitupu. Akamwita Beldina mbele ya watu. Akamwambia mvua haingoji mtu, msimu ule alitangulia bila kuulizwa, basi sasa anaruhusiwa, achukue jembe apande, au mke wake Okumu aanze. Ulikuwa mtego. Akipanda, amethibitisha kwamba yeye ndiye mvunja zamu. Asipopanda, shamba limekwenda.

Beldina, ambaye sikuwahi kumsikia akitoa sauti mbele ya mwanaume wa boma lile, alikuwa amekaa chini akikunja bendeji zilizofuliwa. Hakusimama. "Ile mwaka nilipanda juu ya njaa," akasema. "Hii mwaka ninangoja juu ya mama. Sitatangulia, na mke wako pia hatatangulia. Mikayi yuko hai, analala hapo."

Okumu akatoka nje, maana hiyo ilikuwa sheria yao wenyewe.

Tukangoja. Shamba la Peres likabaki jeusi, wakati mashamba ya majirani yanaanza kuonyesha kijani. Watu walipita njiani wakitikisa vichwa. Moto wa mguu ukapoa, ngozi ikarudi rangi yake, homa ikaisha. Ndipo nikatoa mikono kwapani. Shingoni tena, kwapani tena, ubavuni tena. Safari hii Beldina alikuwa anafanya na mimi naangalia, na Peres hakuwa na mchezo tena, alilala na bendeji na kuamka na bendeji na kutembea nayo uani mpaka kuku wakamzoea.

Asubuhi ya siku ya kupanda boma zima lilikuja uani kwa Peres, pembeni ya shamba. Mke wa Okumu alikuwa na kikapu cha mbegu mkononi, tayari. Beldina akafunga bendeji nyepesi, akaleta gambuti. Ile ya kushoto ikaingia bila maneno. Ya kulia ikapita unyayo, ikafika kisigino, ikakwama. Mtoto mmoja wa boma akakimbia kuleta kisu tuipasue nyuma. Nikakataa. Gambuti iliyopasuliwa ni karai la matope, na nilishaiona kazi ya mwiba mmoja. Nikamwambia Peres alale chini, anyanyue mguu ukutani, avute pumzi kutoka tumboni. Beldina akapiga magoti kichwani pake, akaanza shingoni. Polepole. Okumu anatazama mawingu, mke wake anabadilisha kikapu mkono, na huyu msusi anasogeza ngozi kama utando wa maziwa, kana kwamba duniani hakuna mtu mwingine.

Halafu akashika gambuti kwa mikono miwili akavuta, Peres akasukuma, na sote tukasikia kisigino kikigonga chini.

Alitembea mwenyewe mpaka shambani. Okumu akamzuia kwa neno la mwisho, kwamba tangu enzi mikayi hupanda kwa miguu mitupu, na hajaona mikayi wa viatu vya mpira.

Peres hakusimama. "Mbegu inashikwa na mkono, shem," akasema. "Mkono ndio huu."

Akainama, akachimba, akatia mbegu, akafukia. Kisha akageuka akasema, "Beldina, njoo. Sasa wewe." Mume wao akakohoa, na siku hiyo, nawaapia, maneno yakafuata. Alisema, "Pandeni." Mke wa Okumu aliweka kikapu chake chini, akaja naye kusaidia, kwa sababu alikuwa mkulima tu, si mtu mbaya.

Siku hizi vidole vyangu vimekakamaa, siwezi hata kufunga kifungo vizuri, na watu huniuliza kwa nini nilipoteza maisha yangu kwa ugonjwa usiopona. Wananiuliza hivyo kwa huruma, ndiyo maana wananikasirisha. Nanyi mtaulizwa, na bango lenu litachekwa, na mgonjwa atawauliza mtaanza saa ngapi. Msiondoe bango. Na mkono wako ukiambiwa kwamba ni mwepesi mno, usiuongezee nguvu ili kumfurahisha mtu.

Daktari alisema mguu wa Peres hautapona, na alisema kweli. Haujapona hadi leo. Beldina bado anaufunga kila asubuhi. Na kila msimu, mvua ikishaigusa ardhi ya Kano, ni mguu huo unaotangulia shambani.